Surselva: wilaya imefutwa, madaraka yamebaki kijijini

Wilaya ya Surselva ilidumu miaka 15. Jimbo la Graubünden, mashariki mwa Uswisi, liliiunda mwaka 2001 kwa kuunganisha wilaya mbili za zamani, kisha mwanzoni mwa 2016 likaweka mahali pake chombo kipya kiitwacho kanda. Mahakama ya wilaya ilichelewa kidogo, ikageuka kuwa mahakama ya kanda mwaka 2017. Hakuna mtawala wa mbali aliyeichora upya ramani hiyo kwa kalamu nyekundu. Wapiga kura wa jimbo wenyewe waliidhinisha mageuzi hayo mwaka 2012.

Kwa kawaida kufutwa kwa wilaya ni habari ya makarani na wachora ramani. Surselva inastahili kutazamwa zaidi kwa sababu ndiyo ngome kubwa ya Kiromanshi, lugha ndogo kuliko zote nne za taifa la Uswisi. Katika sensa ya mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya wilaya kuzaliwa, watu 35,095 nchini kote walikitaja Kiromanshi kuwa lugha yao kuu. Ukiwaongeza wale waliokitumia nyumbani, shuleni au kazini, idadi ilifika 60,816. Lugha ya watu wachache namna hiyo inapopoteza kitengo cha utawala kilichobeba jina la bonde lake, ni haki kuuliza imepoteza nini.

Jibu la makala haya ni kwamba imepoteza kidogo sana, kwa kuwa wilaya haikuwa na kitu kikubwa cha kupokonywa. Shule, kodi, maji na hata uraia viko mikononi mwa kijiji. Mageuzi yenye uzito kwa lugha ni yale yanayokigusa kijiji, nayo yamekuwa yakiendelea Surselva bila kelele kwa muda wote ambao ramani za wilaya na kanda zilikuwa zikichorwa na kufutwa.

Bonde na watu wake

Surselva ni bonde la Rhein ya Mbele, mojawapo ya vijito viwili vikubwa vinavyoungana kuwa mto Rhein. Chanzo chake kinachotajwa na wengi ni ziwa dogo la Lai da Tuma, karibu na njia ya mlimani ya Oberalp, katika kijiji cha Tujetsch. Kutoka hapo maji hushuka mashariki yakipita Disentis, Sumvitg, Trun na Ilanz, kisha huingia kwenye korongo la Ruinaulta. Korongo hilo mto ulilichimba katika kifusi cha maporomoko ya mlima yaliyotokea Flims miaka takriban 9,500 iliyopita. Juu ya kifusi kiliota msitu mkubwa, na walioishi upande wa juu wa msitu wakalipa bonde lao jina linaloeleza mahali lilipo: Surselva, yaani juu ya msitu.

Wilaya ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 1,373 na watu zaidi ya 21,000, wastani wa watu 15 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni miamba, barafu na malisho ya kiangazi. Makao yake makuu yalikuwa Ilanz, mji mdogo unaojivunia kuwa wa kwanza kukutana na Rhein inaposhuka kutoka milimani.

Si kila mtu wa bonde hili huzungumza Kiromanshi. Obersaxen, Vals na Safien ni vijiji vya Wawalser, wahamiaji wa Kijerumani waliotoka Valais katika Zama za Kati na kupanda kwenye miteremko ya juu. Dini nayo iligawanyika. Disentis na bonde la Lumnezia walibaki Wakatoliki, ilhali Ilanz na vijiji kadhaa jirani walifuata Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16. Kwa muda mrefu hata maandishi ya Kiromanshi cha Surselva yalikuwa na tahajia mbili, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, hadi zilipounganishwa katika karne ya 20. Mchanganyiko huu ni muhimu kuukumbuka, maana mara nyingi Surselva huelezwa kama kisiwa cha lugha moja na mila moja. Haijawahi kuwa hivyo.

Ngazi za utawala na umri wake

Ili kuelewa kwa nini wilaya ilikuwa nyepesi, inabidi kurudi nyuma miaka 600. Mwaka 1395 abate wa Disentis na mabwana wa nyumba za Rhäzüns na Sax-Misox walifunga muungano mjini Ilanz. Tarehe 16 Machi 1424 muungano huo ulifanywa upya na kupanuliwa huko Trun, chini ya mti ambao kumbukumbu yake bado inatunzwa. Huo ndio Muungano wa Kijivu. Pamoja na miungano mingine miwili jirani, uliunda dola huru ya Miungano Mitatu, iliyodumu mpaka mwisho wa karne ya 18. Mwaka 1803 Napoleon aliifanya kuwa jimbo la Uswisi.

Dola hiyo haikuwa na mfalme, na serikali yake kuu ilikuwa dhaifu. Nguvu ilikuwa kwa jumuiya za mahakama, yaani mabonde na vikundi vya vijiji vilivyojichagulia hakimu na kujitungia sheria. Maamuzi ya pamoja yalirudishwa kwa jumuiya hizo ili zipige kura. Makubaliano ya Ilanz ya mwaka 1526 yalikwenda mbali zaidi: kila jumuiya ilipewa haki ya kumchagua mchungaji wake na kumfukuza. Ndiyo maana ramani ya dini katika bonde hili ina viraka. Kila kijiji kilijiamulia.

Mwaka 1851 jimbo lilitaka kuwa la kisasa, likavunja jumuiya za mahakama na kuweka ngazi mbili mpya. Ya chini iliitwa tarafa, nazo zilikuwa 39. Ya juu iliitwa wilaya, zikawa 14. Tofauti kati ya ngazi hizi mbili inaeleza mengi. Tarafa nyingi zilifuata mipaka ya jumuiya za kale: tarafa ya Disentis ilikuwa ileile nchi ya zamani ya abasia ya Wabenedikto, na tarafa ya Lumnezia ilikuwa bonde ambalo watu wake walijitambua kuwa wamoja tangu zamani. Wilaya zilikuwa kifuniko kilichowekwa juu. Bonde letu lilipewa wilaya mbili zenye majina ya mito: Vorderrhein upande wa juu na Glenner upande wa chini.

Zilipounganishwa mwaka 2001, wilaya za jimbo zima zikipunguzwa kutoka 14 hadi 11, wilaya mpya ilikuwa na tarafa tano: Disentis, Ilanz, Lumnezia, Rueun na Safien. Kwa mara ya kwanza bonde karibu lote lilikuwa chini ya kitengo kimoja chenye jina ambalo wenyeji walilitumia. Kama kuna jambo la kuisifia wilaya hii, ni hilo. Lakini jina halikuja na bajeti.

Wilaya ilifanya nini?

Kwa ufupi, ilihukumu. Wilaya ya Graubünden ilikuwa hasa eneo la mahakama ya kesi za kwanza. Haikuwa na baraza la kutunga sheria wala haki ya kutoza kodi, na haikuendesha shule. Mkazi wa Trun ambaye hakuwa na kesi angeweza kuishi maisha yake yote bila kukanyaga ofisi ya wilaya.

Tarafa ilikuwa hai zaidi. Ndiyo iliyokuwa eneo la uchaguzi wa Bunge la jimbo lenye viti 120, na katika sehemu nyingi wananchi walikusanyika uwanjani majira ya kuchipua na kumchagua kiongozi wao kwa kunyoosha mikono. Katika nchi ya Disentis kiongozi huyo aliitwa mistral, na mkutano uliitwa cumin. Mageuzi yaliziondolea tarafa kazi za utawala na mahakama, lakini zikaendelea kutumika kama maeneo ya uchaguzi. Hata Bunge lilipoanza kuchaguliwa kwa mfumo wa uwiano mwaka 2022, baada ya Mahakama Kuu ya Shirikisho kuona kasoro katika mfumo wa zamani wa wingi wa kura, maeneo 39 yalibaki. Ngazi iliyojengwa juu ya jumuiya za kale imesalia na kazi muhimu, na ile iliyobuniwa ofisini imetoweka.

Chini kabisa kuna kijiji, nacho ndicho chenye mali na amri. Mswisi ni raia wa kijiji kwanza, kisha wa jimbo, kisha wa taifa, na pasipoti yake hutaja kijiji cha asili hata kama hakuzaliwa huko. Kijiji hupanga kiwango cha kodi yake. Huajiri walimu na kuamua lugha ya shule ya msingi ndani ya mipaka ya sheria ya jimbo. Katika Graubünden kijiji ndicho pia mwenye haki ya maji ya mito yake, haki yenye thamani kubwa katika nchi ya mabwawa ya umeme. Kampuni inayotaka kufua umeme hulipia maji hayo, na sehemu ya malipo huingia katika hazina ya kijiji. Vijiji vidogo vya milimani vimejenga barabara na shule kwa fedha hizo.

Ukipanga ngazi hizi kwa uzito wake, wilaya inakuja mwisho.

Kwa nini ilifutwa

Sababu zilizotolewa na jimbo zilikuwa za kawaida, na kwa kweli zilikuwa na mantiki. Kati ya vijiji na jimbo kulikuwa na wilaya 11, tarafa 39 na vyama vya ushirikiano wa vijiji 14, kila ngazi na mipaka yake. Mtu angeweza kupiga kura katika eneo moja, kushtakiwa katika jingine, na takataka zake zikashughulikiwa na chama cha tatu. Mageuzi yalizikusanya kazi za vyote hivyo katika kanda 11, tarafa zikibaki maeneo ya uchaguzi tu.

Kanda ya Surselva ilirithi kwa sehemu kubwa mipaka ya wilaya. Kazi zake kuu zimeandikwa wazi: mpango wa matumizi ya ardhi wa kanda, ulezi wa kisheria wa watu wasioweza kujisimamia, udai wa madeni na ufilisi, pamoja na usajili wa vizazi, ndoa na vifo. Vijiji vinaweza kuiongezea kazi nyingine kwa mkataba. Uongozi wake ni mkutano wa wenyeviti wa vijiji. Kanda, kama wilaya kabla yake, haitozi kodi.

Muundo huu una maana. Wanaokaa mezani ni wenyeviti wa vijiji, kwa hiyo kanda haiwezi kukua ikawa serikali yenye nguvu juu ya vijiji bila vijiji vyenyewe kutaka. Wakosoaji huona udhaifu hapo: mwenyekiti mwenye kazi yake ya siku zote anaongezewa vikao, na mwananchi hana mtu wa kanda aliyemchagua moja kwa moja wa kumwajibisha. Watetezi huona kinga, kwamba madaraka hayawezi kupanda ngazi bila ridhaa. Pande zote mbili zina hoja, ila zote zinakubali jambo moja: mwenye neno la mwisho ni kijiji.

Lugha inalindwa wapi

Kiromanshi kilitambuliwa kuwa lugha ya taifa kwa kura ya wananchi wote wa Uswisi mwaka 1938, wakati Ulaya ilikuwa na hofu ya mataifa yanayodai kila mtu wa lugha yao. Mwaka 1996 kura nyingine ilikipa hadhi ya lugha rasmi ya Shirikisho kwa mawasiliano na wazungumzaji wake. Haya ni mambo ya heshima, na heshima ina faida. Lakini mtoto wa kijiji cha Breil au cha Vella hajifunzi kusoma Kiromanshi kwa sababu ya hadhi hiyo. Anajifunza kwa sababu shule ya kijiji chake inafundisha kwa lugha hiyo.

Sheria ya lugha ya Graubünden, iliyoanza kazi mwaka 2008, ililiweka jambo hili kwa hesabu. Kijiji ambacho angalau asilimia 40 ya wakazi ni wa jamii ya lugha asilia, Kiromanshi au Kiitaliano, huhesabiwa kuwa cha lugha moja. Ofisi na shule zake huendeshwa kwa lugha hiyo. Kikiwa na asilimia 20 hadi 40, ni cha lugha mbili. Kipimo chenyewe ni cha ukarimu: anahesabiwa kila aliyekitaja Kiromanshi katika swali hata moja la sensa kuhusu lugha. Mantiki yake ni kuwapa wachache uzito zaidi ya idadi yao, kwa sababu Kijerumani hakihitaji ulinzi.

Tazama sasa ni wapi sheria hiyo imetundikwa. Asilimia zinahesabiwa kijiji kwa kijiji. Wilaya ingeweza kuwa na wazungumzaji wengi mno na isimpe hata mmoja wao darasa la Kiromanshi. Kwa hiyo anayetaka kujua mustakabali wa lugha anapaswa kutazama mipaka ya vijiji, na hiyo ndiyo iliyobadilika kwa kasi.

Mwaka 2000 Graubünden ilikuwa na halmashauri za vijiji 212. Kufikia 2021 zilikuwa 101. Katika Surselva muungano mkubwa kuliko yote ulifanyika mwanzoni mwa 2014: mji wa Ilanz na vijiji 12 vya jirani, kuanzia Castrisch na Sevgein hadi Siat na Pigniu, vikawa halmashauri moja iitwayo Ilanz/Glion. Mwaka mmoja kabla yake vijiji vinane vya bonde la Lumnezia, Vrin na Lumbrein vikiwemo, viliungana, na vijiji vya Kijerumani vya Safien, Tenna, Valendas na Versam vikafanya vivyo hivyo. Breil ya Kikatoliki ilijiunga na Waltensburg ya Kiprotestanti na Andiast mwaka 2018, jambo ambalo mababu wa pande zote wangelishangaa. Leo kanda nzima ina halmashauri 15.

Hoja ya miungano hii Waswahili waliimaliza zamani: kidole kimoja hakivunji chawa. Kijiji cha watu 80 hakipati wagombea wa kujaza baraza, hakiwezi kuajiri mhandisi, na darasa lake lina watoto watatu. Hoja ya lugha ni ngumu zaidi. Kijiji kidogo ambacho karibu kila mtu huzungumza Kiromanshi, kikiunganishwa na mji ambao Kijerumani kimetawala, kinaingia katika kikapu chenye asilimia tofauti. Ilanz ni mfano hai. Mji wenyewe ulielekea Kijerumani kwa sababu ya biashara, ofisi na reli iliyofika mwaka 1903, ilhali vijiji vya miteremkoni viliendelea na Kiromanshi. Halmashauri iliyotokana na muungano ina lugha mbili, na hadhi ya Kiromanshi ndani yake inategemea kanuni zake, bajeti yake na tabia ya makarani wake. Lumnezia ilikuwa rahisi zaidi. Vijiji vyake vyote vilikuwa vya Kiromanshi, na muungano uliipa lugha halmashauri yenye nguvu kuliko vile vinane vilivyotangulia.

Muungano, basi, unaweza kuisaidia lugha au kuidhoofisha. Kinachoamua ni nani anaungana na nani.

Kuna tatizo la pili, la kitakwimu. Hadi mwaka 2000 Uswisi ilihesabu kila mtu na kumwuliza lugha yake. Tangu 2010 taarifa za lugha hutoka katika uchunguzi wa sampuli unaofanywa kila mwaka. Kwa jimbo au taifa sampuli inatosha. Kwa kijiji cha watu 300 haitoshi, na sheria ya lugha imejengwa juu ya asilimia za vijiji vya namna hiyo. Sheria yenye kizingiti cha asilimia 40 inahitaji rula iliyo sahihi, na rula hiyo imekunjwa ikawekwa kabatini.

Kiromanshi sanifu chagonga mwamba

Ushahidi mwingine wa nguvu ya kijiji ni mkasa wa Kiromanshi sanifu. Lugha hii ina lahaja tano zenye maandishi: ya Surselva, ambayo ina wazungumzaji wengi kuliko nyingine, na nne za mabonde mengine, mbili kati yake za bonde la Engadin. Mwaka 1982 mwanaisimu Heinrich Schmid wa Zürich, kwa ombi la Lia Rumantscha, chama cha lugha kilichoanzishwa 1919, alitengeneza lugha ya maandishi ya pamoja iitwayo Rumantsch Grischun. Ilifaa kwa nyaraka za serikali, na jimbo pamoja na Shirikisho wakaitumia.

Mwaka 2003 Bunge la jimbo liliamua kwamba vitabu vipya vya shule vichapishwe kwa Rumantsch Grischun tu. Sababu ilikuwa fedha: kuchapisha kitabu kimoja kwa lahaja tano, kila toleo kwa madarasa machache, ni ghali. Kuanzia 2007 shule za vijiji vya mfano zilianza kuitumia, baadhi zikiwa Surselva. Muda si mrefu wazazi na walimu wakalalamika kwamba watoto wanafundishwa maandishi yasiyolingana na kinywa cha nyumbani. Mwaka 2011 ilizaliwa jumuiya ya kutetea lahaja, iliyojiita Pro Idioms, na mwaka huohuo Bunge likarudi nyuma na kuruhusu vitabu vya lahaja tena. Vijiji vingi vilivyokuwa vimejiunga vikapiga kura kurejea kwenye lahaja.

Wilaya haikuwa na nafasi yoyote katika mkasa huo. Ugomvi ulikuwa kati ya jimbo lenye hazina ya vitabu na vijiji vyenye shule, na kijiji kilishinda. Unaweza kuusifu ushindi huo au kuulalamikia. Kwa upande mmoja, watu walijiamulia wenyewe lugha ya watoto wao. Kwa upande mwingine, lugha ya watu wachache iliendelea kugawanya nguvu zake mara tano. Demokrasia ya karibu na kaya ina gharama, na hapa gharama inalipwa kwa vitabu.

Tusiulaumu mpaka

Ili kuipima hoja kwamba mipaka ya wilaya haiamui hatima ya lugha, tuvuke mlima hadi bonde la Rhein ya Nyuma. Huko pia kulikuwa na wilaya tangu 1851, Heinzenberg na Hinterrhein, zenye madaraka sawasawa na zile za Surselva. Zilidumu miaka 150. Kiromanshi cha huko, kiitwacho Sutsilvan, kimepungua hadi wazungumzaji wapatao elfu moja.

Taasisi zilikuwa zilezile na matokeo yakatofautiana, kwa hiyo sababu zitafutwe kwingine. Bonde la Rhein ya Nyuma lilikuwa njia kuu ya biashara kuelekea njia za mlimani za Splügen na San Bernardino, na Thusis, mji wa soko, uligeukia Kijerumani mapema. Katika karne ya 19 vijiji vingi vya Heinzenberg vilibadilisha lugha ya shule kuwa Kijerumani, kwa kuwa wazazi waliona ndiyo lugha ya ajira. Chur, mji mkuu wa jimbo, ulikuwa umeshapotea zamani: baada ya moto wa mwaka 1464 ulijengwa upya na mafundi wengi wasemao Kijerumani.

Surselva ilikuwa na mambo ambayo majirani hawakuwa nayo kwa kiwango hicho. Ilikuwa na abasia ya Disentis, iliyoanzishwa katika karne ya 8, pamoja na shule yake ya sekondari. Ilikuwa na gazeti lake, Gasetta Romontscha, tangu 1857. Ilikuwa na watu kama Caspar Decurtins wa Trun, mwanasiasa aliyekusanya fasihi simulizi na andishi ya Kiromanshi katika majuzuu mengi. Na ilikuwa na bonde lisilo njia kuu ya kimataifa, umaskini uliogeuka kinga. Mpaka leo waandishi kama Leo Tuor na Arno Camenisch wanatoka huku, ingawa Camenisch huandika pia kwa Kijerumani, ishara kwamba msomaji wa nje ana nguvu ya kuvuta.

Takwimu za muda mrefu zinafundisha jambo hilohilo. Mwaka 1880 Uswisi ilikuwa na watu 38,705 wa Kiromanshi, na mwaka 2000 walikuwa 35,095. Kwa miaka 120 idadi yenyewe ilipungua kidogo, huku watu wa nchi nzima wakiongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Na kati ya hao wa mwaka 2000, ni 27,038 tu walioishi Graubünden. Zaidi ya 8,000 walikuwa nje ya jimbo, katika miji ambako hakuna kijiji cha kuwapa shule ya Kiromanshi. Lugha haikuzama ghafla, ilitawanyika. Mpaka wowote wa wilaya ni mfupi mno kumfuata kijana aliyekwenda Zürich kutafuta kazi.

Uchumi unaovuka mipaka

Wanaosikitikia wilaya huweza kusema kwamba bonde zima linahitaji sauti moja katika mambo makubwa ya uchumi. Ni hoja nzito, na historia ya karibuni inaipa mifano.

Wakati wa kuchimba reli ya chini ya Gotthard, yenye urefu wa kilomita 57, kisima cha ujenzi cha mita 800 kilishushwa Sedrun, katika Tujetsch. Wenyeji walipendekeza kisima hicho kigeuzwe kituo, Porta Alpina, ambapo abiria angepandishwa kwa lifti hadi bondeni. Mwaka 2007 mradi ulisimamishwa kwa sababu ya gharama. Reli ikafunguliwa 2016, na treni hupita chini ya Surselva bila kusimama.

Novemba 2016 vijiji 17 vya majimbo ya Graubünden na Ticino vilipigia kura mpango wa hifadhi ya taifa ya Adula. Baadhi vilikubali, vingine vikakataa, na kwa kuwa kila kimoja kilihesabika peke yake, mradi ukafa. Laax na Falera zinaendesha eneo moja la kuteleza thelujini pamoja na Flims, lakini Flims iko kanda ya Imboden. Hata kura ya kitaifa ya mwaka 2012 ya kuweka kikomo cha asilimia 20 kwa nyumba za likizo ilivigusa vijiji kimoja kimoja.

Je, wilaya yenye nguvu zaidi ingebadilisha haya? Kituo cha Sedrun kilishindwa kwa sababu ya fedha za Shirikisho huko Bern na za jimbo huko Chur. Hifadhi ilishindwa kwa sababu wanakijiji walihofia masharti juu ya malisho na uwindaji wao. Utalii wa Laax ungevuka mpaka wowote ule. Wilaya ingeongeza mkutano mmoja kabla ya jibu lilelile. Palipohitajika sauti ya pamoja, vijiji viliunda ushirikiano mahususi kwa jambo hilo, na kanda ya sasa ni ushirikiano wa aina hiyo uliopewa anwani ya kudumu.

Kinachofaa kuangaliwa

Wilaya ya Surselva haikuilinda lugha ilipokuwepo, na kuondoka kwake hakukuiacha lugha wazi. Ilitoa eneo la mahakama na ikalipa bonde jina moja rasmi. Vyote viwili vimehamia kwenye kanda. Anayelilia wilaya analilia jengo lililokuwa tupu.

Anayetaka kujua kama Kiromanshi kitakuwa hai kizazi kijacho atazame mambo matatu. La kwanza ni masharti ya lugha katika mikataba ya kuunganisha vijiji, hasa pale kijiji cha Kiromanshi kinapoungana na mji wa Kijerumani: nani ataajiriwa ofisini, kikao kitaendeshwa kwa lugha gani, darasa la Kiromanshi litafungwa kwa idadi gani ya watoto. La pili ni hesabu. Jimbo lisipopata njia ya kuhesabu kijiji kwa kijiji, vizingiti vya asilimia 40 na 20 vitabaki vimesimama juu ya sensa ya mwaka 2000, kana kwamba walioondoka tangu wakati huo bado wapo. La tatu ni kazi. Shule humpa mtoto lugha, ila asipopata ajira, nyumba ya bei anayoimudu na mwenzi bondeni, atapanda treni kwenda Chur.

Kati ya hayo, la kwanza liko mikononi mwa wanakijiji, la pili mikononi mwa Chur na Bern, na la tatu haliko mikononi mwa yeyote peke yake. Hilo la tatu ndilo gumu, na ndilo ambalo kubadilisha majina ya ngazi za utawala hakujawahi kulitatua.